Jina Lako Kwenye Biashara ya Mwingine: Mwongozo Kamili wa Kushughulikia Alama Zinazofanana Katika Sekta Tofauti

Mwenye kiwanda cha unga anaona jina lake kwenye kibao cha saluni. Anatuma barua kali, anajibiwa "sisi hatuuzi unga," na mambo yanaishia hapo. Mwingine anafungua duka la simu kwa jina la kampuni ya vinywaji kwa sababu mchora vibao alimwambia biashara ni tofauti, hakuna neno. Miaka mitatu baadaye anakiteremsha kibao kwa amri ya mahakama.

Wote wawili waliuliza swali lisilo lenyewe. Tofauti ya biashara ni sehemu tu ya hesabu. Linaloamua ni hili: mnunuzi akiona jina hilo kwenye bidhaa ile nyingine, atadhani mwenye mali ni mmoja? Na kama jina ni mashuhuri, kuna swali la pili: huyu wa pili anavuna asipopanda?

Mwongozo huu unafuata sheria za Kenya na Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na daftari lake, kwa hiyo usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, haukulindi Unguja wala Pemba.

## Andaa hivi kwanza

Usiandike hata mstari mmoja wa barua kabla hujaviweka hivi mezani:

- Cheti cha usajili wa alama, chenye namba, tarehe ya maombi, madaraja (makundi ya bidhaa na huduma) na orodha kamili ya bidhaa au huduma.
- Risiti ya mwisho ya kuhuisha usajili. Kenya usajili hudumu miaka 10 na huhuishwa kwa miaka 10. Tanzania Bara ule wa kwanza ni miaka 7, kisha 10.
- Mauzo ya kila mwaka kwa kila bidhaa yenye jina hilo, na gharama za matangazo kwa mwaka.
- Picha za vifungashio, vibao na matangazo zinazoonyesha tarehe.
- Bidhaa ya upande wa pili uliyoinunua mwenyewe, pamoja na risiti. Kama ni huduma, ilipie na uitumie.
- Matokeo ya upekuzi wa daftari kuhusu alama yao.

Angalizo kuhusu cheti: usajili wa *jina la biashara* si usajili wa *alama ya biashara*. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Cheti cha jina la biashara kinakutambulisha kwa serikali, hakikupi mamlaka ya kumzuia mtu asiuze bidhaa kwa jina hilo. Kama ulicho nacho ni hicho tu, soma Hatua ya 5 kwa makini, kwa sababu mlango wako utakuwa dai la kujipitisha, yaani kwamba mwingine anajifanya wewe sokoni.

## Hatua ya 1: Soma mipaka ya haki yako

Haki ya alama iliyosajiliwa haielei hewani. Imefungwa kwenye orodha ya bidhaa na huduma iliyo katika cheti. Kama umesajili "unga wa mahindi", basi huo ndio uwanja wako wa nyumbani. Ukitaka kumzuia mtu aliye nje ya uwanja huo, unahitaji mojawapo ya milango mitatu:

1. Bidhaa zake zinahusiana na zako kiasi cha kumchanganya mnunuzi.
2. Alama yako ni mashuhuri.
3. Anajipitisha kama wewe, na biashara yako inaumia.

Peleka upekuzi kwenye daftari. Kenya, fomu ya upekuzi katika KIPI, taasisi ya miliki ya viwanda inayosajili alama, ni TM 27. Tanzania Bara unatumia mfumo wa mtandaoni wa BRELA. Ongeza Global Brand Database, hazina ya alama ya WIPO (Shirika la Miliki Bunifu Duniani), ambayo haina malipo. Kenya imo katika Itifaki ya Madrid, mkataba wa kusajili alama kimataifa, tangu 1998, kwa hiyo kampuni ya ng'ambo inaweza kuwa na ulinzi Kenya bila kuwa na ofisi hata moja Nairobi.

Kosa la kawaida: kupekua daraja lako peke yake. Pekua pia la mwenzako na yale yanayopakana na yote mawili.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja kwa sentensi moja ni nani alianza kutumia jina, nani alianza kusajili, na kwa bidhaa zipi. Kama yeye alianza kulitumia kabla yako, simama hapo umwone wakili. Aliyetangulia kwa nia njema ana kinga kubwa.

## Hatua ya 2: Tumia madaraja, lakini usiyaabudu

Mfumo wa Nice, mpangilio wa kimataifa wa bidhaa na huduma, una madaraja 45: la 1 hadi la 34 ni bidhaa, la 35 hadi la 45 ni huduma. Yaliwekwa ili kurahisisha usajili na ada. Hayakuwekwa ili kuamua nani anafanana na nani.

Daraja la 9 lina kompyuta na mitungi ya kuzimia moto. Hakuna mnunuzi anayedhani mtengenezaji wa kompyuta ndiye anayeuza mitungi ya moto. Kwa upande mwingine, bia iko daraja la 32 na mvinyo la 33, ilhali vyote vinauzwa kaunta moja kwa mteja mmoja. Kahawa ya pakiti ni la 30, mgahawa wa kahawa ni la 43. Mafuta ya nywele ni la 3, saluni ni la 44. Hizi ni jozi zilizo mbali kwenye daftari na karibu kabisa mtaani.

Ukiandika katika barua kwamba "tuko daraja moja, kwa hiyo umevunja sheria", wakili wa upande wa pili atafurahi. Na yeye akikujibu kwamba "tuko madaraja tofauti, kwa hiyo huna dai", usikate tamaa.

## Hatua ya 3: Linganisha alama zenyewe

Ziangalie kwa macho, zitamke kwa sauti, kisha tazama maana. Zitamke kama anavyotamka mteja dukani. Kwa Kiswahili hili lina uzito, maana wateja wengi huagiza kwa mdomo, na majina mawili yenye tahajia tofauti yanaweza kutoka mdomoni sawasawa.

Usiziweke alama mbili bega kwa bega ukatafuta tofauti. Mnunuzi hafanyi hivyo. Yeye anayo moja mbele yake, na nyingine anaikumbuka kwa mbali.

Kisha pima nguvu ya jina, kwa sababu hapa ndipo madai mengi ya sekta tofauti hufia. Jina la kubuni lisilo na maana huvuka sekta kwa urahisi. Jina la mnyama, mlima au sifa nzuri halivuki. Tanzania kuna Simba ya mpira wa miguu na Simba ya saruji. Twiga ni saruji Tanzania, na Kenya ni kampuni ya kusambaza vyakula. Kilimanjaro ni bia, na pia ni maji ya kunywa, na vyote viwili ni daraja la 32. Mtu akiona neno Simba mahali papya, hawazi mara moja kwamba mwenyewe ni yuleyule. Kama jina lako ni la aina hii, ukubali mapema kwamba uzio wako ni mfupi, na upiganie mchoro, rangi na mpangilio wa maandishi.

Umefaulu ikiwa umeandika alama yako iko kundi gani: la kubuni, la kawaida lisilohusiana na bidhaa, au la kueleza bidhaa. Kundi la tatu karibu halina nguvu nje ya sekta yake.

## Hatua ya 4: Pima ukaribu wa bidhaa

Chukua karatasi, andika bidhaa yako kushoto na yake kulia. Jibu maswali haya kwa ushahidi, si kwa hisia:

1. Zinatumika kwa kazi gani?
2. Wanunuzi ni walewale?
3. Kwa umbo na asili, ni vitu vya namna moja?
4. Zinapita njia ileile: msambazaji, duka la jumla, duka la rejareja?
5. Katika supamaketi ziko rafu moja, au zinapakana?
6. Zinashindana? Mtu akinunua hii, anaiacha ile?
7. Moja inahitaji nyingine ili itumike?

Maswali sita ya kwanza yanatokana na hukumu ya Uingereza ya 1996 kuhusu neno Treat, ambapo British Sugar ilimshtaki James Robertson. Mmoja aliuza sharubati ya kumwagia vitindamlo, mwingine alitengeneza kitu kitamu cha kupaka kwenye mkate. Kwa mtu wa kawaida vyote ni vitamu tu. Jaji aliona matumizi ni tofauti na rafu ni tofauti, akakataa dai. Swali la saba lilisisitizwa na Mahakama ya Ulaya mwaka 1998 katika shauri la Canon, ambalo liliongeza kanuni ya kuishika vizuri: kufanana kidogo kwa bidhaa kunaweza kufidiwa na kufanana sana kwa alama, na kinyume chake. Hukumu hizi hazizifungi mahakama za kwetu, ila mawakili huzitumia na majaji huzisikiliza.

Marekani wana orodha yao, maarufu kutokana na shauri la Polaroid la 1961. Ndani yake kuna swali moja ambalo hapa kwetu wengi hulisahau: je, mwenye alama ana uwezekano wa kupanuka mpaka sekta ya yule mwingine? Kiwanda cha mafuta ya nywele kufungua saluni ni jambo la kawaida. Kiwanda cha mafuta ya nywele kuuza matairi si la kawaida. Kama una mpango wa upanuzi, kumbukumbu za mkutano, oda za mashine au mkataba wa pango wenye tarehe *kabla* ya mgogoro ni dhahabu. Mpango ulioandikwa baada ya mgogoro haumshawishi mtu.

Tuseme unauza chai ya pakiti kwa jina la kubuni, na mtu amefungua mgahawa kwa jina hilohilo. Wanunuzi ni walewale, chai inauzwa mle ndani, na wauza chai kadhaa duniani wana migahawa. Ukaribu ni mkubwa. Sasa tuseme amefungua karakana ya pikipiki. Wanunuzi wanaweza kuwa walewale, lakini hakuna kingine kinachogusana. Hapo mlango wa kwanza umefungwa, nenda Hatua ya 5.

Onyo: jibu la "wanunuzi ni walewale" peke yake halitoshi. Kila mtu hununua chumvi na kila mtu hupanda basi.

## Hatua ya 5: Kama bidhaa haziko karibu, pima sifa na madhara

### Njia ya alama mashuhuri

Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ibara ya 16(3), unapeleka ulinzi wa alama mashuhuri iliyosajiliwa hadi kwenye bidhaa zisizofanana, kwa masharti mawili: matumizi yale yaonyeshe uhusiano na mwenye alama, na masilahi yake yawe hatarini. Kenya imeweka ulinzi huu katika kifungu cha 15A cha Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506. Kifungu hicho kinazuia hata kusajili alama inayoweza kudhoofisha upekee wa alama mashuhuri au kuutumia isivyo haki.

"Mashuhuri" si neno la kujisifia. Ni jambo la kuthibitisha kwa mauzo, miaka, maeneo, matangazo na kutambuliwa na watu. Na uliza: mashuhuri kwa nani? Mwaka 1989 nchini Marekani, wenye huduma ya Lexis, hazina ya taarifa za kisheria, walitaka kuizuia Toyota kuyaita magari yake Lexus. Utafiti ulionyesha asilimia 76 ya mawakili waliijua Lexis, lakini kwa watu wazima kwa jumla ni asilimia 1. Mahakama ya rufaa ikairuhusu Lexus. Ujulikane kwa wanunuzi wa *yule mwingine*, la sivyo sifa yako haifiki kule inakohitajika.

### Njia ya dai la kujipitisha

Hili halihitaji usajili. Linahitaji vitu vitatu kwa pamoja: jina jema lililojengwa sokoni, udanganyifu unaowafanya wateja waamini kuna uhusiano, na madhara. Mashauri mawili ya Uingereza yanaonyesha mstari ulipo.

Mwaka 1983 watengenezaji wa matofali ya kuchezea ya Lego walimshtaki mtengenezaji wa vifaa vya plastiki vya kumwagilia bustani aliyetumia jina Lego. Walishinda. Jina lilikuwa kubwa mno, na plastiki ya rangi ilimfanya mtu aone ni jambo la kuaminika kwamba kampuni ni moja. Mwaka uliofuata, mwenye klabu ya usiku Stringfellows alishindwa dhidi ya McCain waliouza viazi vya kukaanga kwa jina hilo, kwa sababu hakuweza kuonyesha biashara yake imeumia vipi.

Kwa hiyo andika madhara yako kwa vitu vinavyohesabika: mteja aliyerudisha bidhaa yao kwako, msambazaji aliyeuliza, mkataba wa leseni uliopotea, malalamiko yaliyoletwa kwenye ukurasa wako.

Umefaulu ikiwa una angalau madhara mawili yenye karatasi nyuma yake. Kama huna hata moja, na jina lako si mashuhuri, achana na dai hilo. Tunasema hivi kwa dhati: ada ya wakili itakuumiza kuliko ile saluni.

## Hatua ya 6: Kusanya ushahidi utakaosimama

Piga picha ya ukurasa wao wa mtandao ikionyesha anwani na tarehe. Kenya, ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachosema nani aliutoa na kwa kifaa gani. Ushahidi mzuri umewahi kukataliwa kwa kukosa karatasi hii moja.

Ukifanya uchunguzi wa maoni, wahoji wanunuzi wa bidhaa *yao*, si wako. Waonyeshe bidhaa, kisha uliza: "Unadhani hii inatengenezwa na nani? Kwa nini?" Usiulize: "Je, hii inakukumbusha kampuni fulani?" Swali la namna hiyo limeshampa mtu jibu, na utafiti mzima utatupwa. Hifadhi majibu yote, hata yanayokuumiza.

## Hatua ya 7: Jipekue kabla hujampekua mwenzako

Anayeshtakiwa hujibu kwa kushambulia usajili wako. Alama isiyotumika inaweza kufutwa: Kenya baada ya miaka 5 mfululizo, Tanzania Bara baada ya miaka 3. Kama ulisajili madaraja sita "kwa usalama" na unatumia moja, matano yanaweza kuondoka siku ileile uliyodhani unajilinda.

Angalia pia ulikaa kimya muda gani. Ukimwona mtu anajenga biashara kwa miaka mingi huku unajua, mahakama itakuuliza ulikuwa wapi.

## Hatua ya 8: Chagua njia

Pingamizi. Kama ameomba usajili na ombi limetangazwa, una siku 60, Kenya na Tanzania Bara vilevile. Kenya fomu ni TM 6. Ni njia nafuu kuliko mahakama. Siku zinahesabiwa tangu kutangazwa, si tangu ulipopata habari, kwa hiyo soma jarida la alama kila linapotoka. Kumbuka pingamizi huzuia usajili. Kama tayari anauza, halimfungi kuuza.

Barua. Taja namba ya usajili, matumizi yao mahususi, sababu ya mkanganyiko au madhara, unachotaka, na muda, kwa kawaida siku 14. Usitishie jela wala polisi, na usiwaandikie wateja wao. Uingereza, anayetishiwa bila msingi kuhusu alama ya biashara anaweza kumshtaki mtishaji. Peleka kwa mkono, upate saini ya kupokea.

Mkataba wa kutumia alama sambamba. Kwa sekta zilizo mbali, mara nyingi hii ndiyo njia bora. Lakini jihadhari na namna ya kugawa uwanja. Mwaka 1981 Apple Computer iliilipa Apple Corps, kampuni ya Beatles, dola 80,000, ikaahidi kukaa mbali na muziki. Kompyuta zikaanza kutoa muziki, na mwaka 1991 ikalipa dola milioni 26.5. Likaja duka la iTunes, kesi nyingine ikaamuliwa London 2006, na mwaka 2007 wakaandika mkataba mpya uliompa Apple Inc. (jina jipya la Apple Computer) alama zote, naye akawakodisha wenzake. Mkataba wenu useme: bidhaa kwa majina, maeneo, rangi na maandishi ya kila mmoja, nini kitatokea teknolojia ikizikutanisha sekta, na nani atasuluhisha.

Mahakama. Zuio la muda hutolewa ukionyesha dai lenye msingi, madhara yasiyofidika kwa pesa, na kwamba uzito wa usumbufu uko upande wako. Ndicho kipimo cha Giella dhidi ya Cassman Brown (1973) Kenya na Atilio dhidi ya Mbowe (1969) Tanzania. Sharti la pili ndilo gumu kwa sekta tofauti: kama huuzi bidhaa ileile, hujapoteza mauzo ya moja kwa moja, hivyo lazima uonyeshe kinachoharibika ni jina. Na njoo haraka. Anayeomba zuio baada ya mwaka anajikanusha.

Usikimbilie mamlaka za kupambana na bidhaa bandia. Kazi yao ni nakala za bidhaa iliyolindwa. Saluni yenye jina la unga wako si unga bandia.

## Kama barua imekujia wewe

Usiipuuze, na usijibu siku hiyohiyo kwa hasira. Omba nakala ya cheti, kisha pita Hatua 1 hadi 5 ukiwa upande wa pili wa meza. Pekua kama wanaitumia alama hiyo kwenye madaraja wanayodai. Kusanya ushahidi wa siku ya kwanza uliyotumia jina: leseni, ankara ya kibao, risiti ya mteja wa kwanza.

Acha kuchapisha vifungashio vipya mpaka upate ushauri. Shehena ya mifuko 20,000 yenye jina la mgogoro ndiyo inayowafanya watu wapigane kesi wasiyoweza kushinda. Na kama nembo yako ina rangi au mchoro uliofuata wa mwenzako, ubadilishe kabla ya kujibu: ukibaki na neno tu, hasa likiwa la kawaida kama Simba au Safari, mazungumzo huanzia mahali pazuri zaidi.